Mama Ploti wa Zimamoto

Mama Ploti hakuwa mtu wa kubisha hodi. Ungesikia gambuti zake zikikwaruza kokoto za uani, kisha pazia la mlangoni lingefunuliwa, na kabla hujapata nafasi ya kusema karibu angekuwa ameinama mbele ya stovu yako ya mafuta ya taa akinusa. Alinusa kweli, kama mtu anayetaka kujua kama maziwa yameharibika.

"Hii umeongeza mafuta ikiwa moto," angesema. "Usinidanganye, Mama Kioko. Ona vile imemwagika hapa kando."

Halafu angeiendea ndoo ya mchanga wa kuzimia moto nyuma ya mlango na kutumbukiza mkono mpaka kiwiko, kwa sababu wapangaji wengine walikuwa wakitandaza mchanga kidogo juu ya takataka ili tu wamridhishe. Akimaliza, alitoka kama alivyoingia, bila kuaga, na chai uliyokuwa umemmiminia ikabaki mezani.

Tulikaa kwake miaka mingi, mimi na mume wangu na watoto. Tulitoka upande wa Machakos kufuata kazi za viwandani, wakati Kitengela ilikuwa bado ni barabara ya Namanga na maduka machache kandokando yake, na ng'ombe wa Wamaasai walipita mahali ambapo leo pana maghorofa. Ploti yake ilikuwa vyumba vya mawe vilivyotazamana, uwanja katikati, bomba moja la maji na kamba za kuanikia nguo. Hakuna aliyemwita kwa jina. Kwetu wapangaji alikuwa Mama Ploti. Mjini alikuwa na jina lingine, na hilo alilipata kwa njia ambayo nitaieleza.

Waliomjua baadaye, akiwa na kofia ngumu ya zimamoto juu ya kitambaa cha kichwa, wanadhani alikuwa mtu wa kuogopa moto tangu zamani. Si hivyo. Nilipomkuta, alichoogopa ni wezi. Na tuseme ukweli, sote tuliwaogopa. Miaka hiyo wezi walikuwa wakiingia kwa madirisha mchana watu wakiwa kazini, wanabeba redio, blanketi, hata sufuria yenye chakula. Wapangaji tulikutana uani Jumapili moja tukamwambia tunataka grili. Alinung'unika wiki nzima juu ya bei ya vyuma, kisha akamleta fundi wa kuchomelea kutoka Kajiado, mtu aliyesifika, na fundi huyo akafunga kila dirisha kwa nondo nene zilizozama ndani ya mawe. Mama Ploti alisimama nyuma yake mchana kutwa. Kila dirisha likimalizika, alilishika kwa mikono miwili na kulitikisa kwa nguvu zake zote, na lisipotikisika alicheka. Nadhani sijamwona tena akicheka namna ile. Tulimshukuru. Mume wangu alimwambia hakuna ploti kama hii kutoka Athi River mpaka Bisil.

Chumba cha pembeni, karibu na lango, alikaa jirani yangu Mama Mwende, mjane kutoka kwetu Ukambani, na bintiye. Mama Mwende alifanya kazi ya zamu kwenye kiwanda cha nguo. Siku za zamu ya mchana, Mwende alitoka shule, akapika, akamwekea mama yake chakula. Alikuwa msichana mpole, mrefu kuliko umri wake, wa darasa la sita. Stovu yao ilikaa karibu na mlango, kama zetu sote, ili moshi utoke.

Ilikuwa saa za alasiri. Nilikuwa nikianua nguo niliposikia mlio kama wa mfuko wa karatasi unaopasuliwa, kisha moto ukatoka kwenye mlango wa Mama Mwende ukipanda hadi kwenye dari. Stovu ilikuwa imezimika katikati ya kupika, mtoto akaongeza mafuta bila kungoja ipoe. Ndoo za maji zililetwa, na maji yakayasambaza mafuta ya taa sakafuni, moto ukaongezeka. Hatukujua. Ndipo watu wakakimbilia dirisha. Mwashi mmoja aliyekuwa akijenga ng'ambo alikuja na mtaimbo na kuanza kuchimba mawe chini ya grili.

Mama Ploti alifika kutoka dukani wakati huo. Aliona moshi, na watu wengi uani, na mtu akivunja ukuta wake. Akapiga kelele, na sauti yake ilikuwa ya kusikika mbali:

"Msinivunjie dirisha!"

Alirudia. Akamshika mwashi mkono. "Msinivunjie dirisha, mnasikia? Mwageni maji mlangoni!"

Mtu mmoja akamwambia, "Kuna mtoto ndani."

Niliuona uso wake. Sitauelezea zaidi ya kusema kwamba mdomo ulibaki wazi na mkono ukaendelea kumshika mwashi, kana kwamba haukuwa umesikia alichosikia yeye. Mwashi ndiye aliyejinasua. Baada ya hapo Mama Ploti aliishika grili mwenyewe, ingawa ilikuwa tayari imepata moto, akaivuta huku akilia, na grili haikutikisika.

Aliyemtoa Mwende ni kijana wa Kimaasai aliyekuwa ameleta mbuzi buchani. Aliivua shuka yake, akaichovya kwenye pipa la maji, akajifunika kichwa na kupita mlangoni moja kwa moja katikati ya ule moto. Alitoka na msichana kifuani. Mwende aliishi. Alikaa hospitalini muda mrefu, Kajiado kwanza, kisha Nairobi. Alirudi akiwa na ngozi iliyokunjamana kutoka sikio la kushoto mpaka begani, na vidole vya mkono huo havikunyooka tena.

Mama Ploti alikwenda hospitalini na chakula. Mama Mwende alikipokea chakula mlangoni mwa wodi, akashukuru kwa adabu, na hakumruhusu apite. Hapakuwa na kelele. Mtoto alipotoka, walihama. Tulisikia wamekwenda Embulbul, karibu na Ngong, kwa ndugu yao.

Ule mkono ulioshika grili uliachwa na makovu, lakini watu hawakuyazungumzia makovu. Walizungumzia lile neno. Lilimtangulia sokoni, lilimngoja kwenye kinu cha kusaga. Watoto waliokuwa wakicheza barabarani walikuwa wakianguka chini, mmoja akipiga kelele "Msinivunjie," na wengine wakicheka. Hivyo ndivyo alivyopata jina lake la mjini: Mama Dirisha. Nilimsikia mwuza mboga akimwita hivyo kwa bahati mbaya, kisha akanyamaza kwa hofu. Mama Ploti akajibu, "Naam," akachagua nyanya zake.

Sisi wapangaji tulikuwa tunajua kwamba hakuwa ameambiwa kuna mtu ndani. Tulijua pia ni nani alitaka grili. Lakini sikumbuki mtu hata mmoja, mume wangu akiwemo, aliyesimama sokoni kuyasema hayo.

Juma lile lile la moto alimleta fundi mwingine, akazikata grili zote. Baadaye akazirudisha zikiwa na bawaba na kitasa cha ndani, kila moja ifunguke kwa mkono mmoja. Akawa na swali lake, ambalo aliliuliza kila mtu aliyekaribishwa kwake na kila aliyemkaribisha: "Ukikosa mlango, utatokea wapi?" Aliwahi kumuuliza pasta katikati ya maombi ya nyumba mpya. Pasta alikuwa amefumba macho. Aliyafumbua, akatazama huku na huku, akasema, "Kwa kweli, mama, sijui," na maombi yakasimama mpaka mwenye nyumba alipoonyesha dirisha la jikoni.

Miaka michache baadaye, kiwanda kimoja cha jirani kilichokuwa na gari lake la zimamoto kilitangaza kwamba mtu wao wa usalama atawafundisha wenyeji watakaojitolea. Gari la mji lilitoka mbali, na Kitengela ilikuwa inakua haraka. Walijitokeza vijana, wengi wao makondakta na wauza mitumba, na miongoni mwao akaja mama mnene wa makamo, amevaa gambuti na sweta ya kanisani. Vijana walinong'onezana wakicheka. Mkufunzi, ambaye hakuwa mtu wa Kitengela, akauliza kinachochekesha ni nini. Mama Ploti akajibu mwenyewe.

"Wananicheka mimi," akasema. "Kulikuwa na moto kwangu, nikakataza watu kuvunja dirisha. Mtoto alikuwa ndani."

Mmoja wa vijana hao alinisimulia kwamba mkufunzi alitazama chini, akapindua karatasi zake, kisha akasema, "Basi tuanze na namna ya kuzima mafuta." Kila Jumamosi Mama Ploti alikuwa uwanjani, akijifunza kukunjua mpira wa maji, kufunika sufuria inayowaka kwa kifuniko na si kwa maji, kutambaa chini ya moshi. Hakuwa hodari. Kupanda ngazi alishindwa, na mpira ukijaa maji ulimrusha kando. Lakini alikuja, hata mvua ikinyesha, hata vijana wengine walipoacha. Mwishowe wakamwachia kazi ya kwenda nyumba kwa nyumba kukagua majiko, na ndiyo iliyompa ruhusa ya kuingia jikoni mwa watu wote wa Kitengela kama alivyokuwa akiingia mwetu.

Si kwamba alikuwa amegeuka malaika. Alibaki mchoyo. Alizima taa za uani mapema na akagombana nasi kuhusu maji ya kufulia. Alimfukuza mpangaji kwa kufuga kuku, na mwezi uliofuata akaanza kufuga kuku wake. Alisema watu wa Ukambani hatujui kupika irio, na alikula zangu akamaliza. Na yeye aliyetuamrisha kuwasha stovu hivi na vile, hakuwahi kuwasha kiberiti mbele ya mtu. Akitaka moto alikuja kwangu na jiko lake la makaa. "Niwashie hii, Mama Kioko, niko na haraka." Kisha alikaa akingoja, bila haraka yoyote.

Jambo lililonishangaza zaidi ni mlango wake. Yule aliyeogopa wezi kuliko sisi sote aliacha kuweka kufuli. Alilala na kitasa chepesi tu, na wezi walimwibia, kisha wakarudi wakamwibia tena. Mwanawe wa Nairobi alikuja kumletea kufuli la kisasa. Alilipokea, akalitia kabatini.

Kanisani alihama kiti chake cha mbele, mahali pa wenye mali, akawa anakaa nyuma kabisa karibu na akina mama wenye watoto wachanga. Ilipofika saa ya ushuhuda aliinuka na kwenda nje kana kwamba ameitwa. Nadhani hakuweza kusikia watu wakisema walivyosamehewa.

Nilimwona kazini mara moja tu. Duka la mama mmoja wa vitambaa lilishika moto adhuhuri, nyaya za stima zikiwa zimeungwaungwa ovyo. Moshi ulikuwa ukitoka chini ya mlango wa chuma. Vijana wa zimamoto walifika naye, na mitungi yao ya kuzimia moto, wakataka kukata kufuli. Mwenye duka alisimama mbele ya mlango amenyoosha mikono.

"Mkifungua watu wataniibia," alikuwa akisema. "Nangoja mume wangu alete ufunguo. Hakuna mtu ndani, ni vitambaa tu. Msiguse mlango wangu."

Watu walikuwa wamejaa barabarani. Na wote, nakumbuka vizuri, waligeuka kumtazama Mama Ploti. Wengine walikuwa wanatabasamu tayari.

Alimkaribia yule mama. Alivua kofia, kwa sababu gani sijui. Akasema, si kwa sauti kubwa, lakini kulikuwa na kimya:

"Mimi pia nilisema hivyo. Unanijua. Wewe ni mmoja wa wale wananiita Mama Dirisha, na ni sawa. Sasa unataka kuitwa nani?"

Yule mama aliteremsha mikono yake. Walipokata kufuli, hapakuwa na mtu ndani, ni vitambaa tu kama alivyosema, na moto ulizimwa kabla haujafika duka la pili. Hakukuwa na ushujaa wa kusimuliwa. Lakini baada ya siku hiyo watoto waliacha mchezo wao, au labda walikuwa wamekua tu. Mama Ploti alirudi nyumbani mbele yangu, akaingia chumbani kwake, na hakutoka hata kulisha kuku. Nilipompelekea uji, alikuwa ameketi kitandani bado amevaa gambuti zake.

"Mbele ya watu wote, Mama Kioko," alisema. "Nimejivua nguo mbele ya watu wote."

Nilimwambia amefanya vizuri. Akanijibu kwamba vizuri au vibaya, aibu ni ile ile.

Sisi tulihama tulipojenga kwetu, nyumba ndogo upande wa pili wa barabara, naye akazeeka. Ploti ilichukuliwa na mwanawe, aliyejenga ghorofa. Mama alihamia Kajiado kwa dada yake. Nilikuwa nikimtembelea mara mojamoja, na kila mara aliniuliza kama kwangu tumehamia gesi na mtungi tumeuweka wapi. Halafu, mwishoni mwa miaka ya elfu mbili, magoti yake yakiwa tayari mabaya, alinitumia ujumbe kupitia mjukuu wake kwamba anataka nimsindikize Embulbul.

Tulikwenda siku ya Jumamosi. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani, na amebeba kikapu cha viazi na mayai. Nyumba ilikuwa kwenye mwinuko kidogo kutoka barabarani, ya mabati, safi, na mashine ya kushonea barazani. Mwende ndiye aliyetufungulia. Alikuwa mwanamke mzima, kovu limepanda shingoni kama ukosi. Alinitambua mimi kwanza, kisha akamtambua mwenzangu, akarudi nyuma hatua moja, si kwa hasira, bali kutupisha.

Mama Mwende alikuwa amekaa ndani akichambua maharagwe. Hakuinuka. Alisema, "Karibuni," akaendelea kuchambua.

Mama Ploti alikataa kiti. Alisimama katikati ya chumba na kikapu chake mkononi akasema alichokuja kusema, kwa Kiswahili chake kilichovunjikavunjika, kwamba siku ile alikuwa anafikiria mali yake, kwamba hakujua kuna mtoto, lakini hata kama hakujua, hakuuliza. "Kuuliza ndiyo ilikuwa ya kwanza," alisema. "Mimi sikuuliza."

Mwende alimwita kama bibi yake, akasema, "Shosho, mimi sikusikia. Kulikuwa na moshi. Sikujua ulisema kitu mpaka niliambiwa nikiwa mkubwa."

"Lakini mimi nilikuwa nasikia kila siku," mama yake akasema. "Watu walikuja kuniambia hospitalini. Walidhani wananifariji."

Kisha akasimama, akaenda kuwasha gesi, akatengeneza chai. Kila mtu alikunywa. Waliongea kuhusu mvua, na bei ya unga, na yule kijana wa shuka, ambaye Mwende alisema huwapigia simu kila Krismasi. Hakuna aliyesema nimekusamehe. Tulipoaga, Mama Mwende alipokea kikapu, akamwaga viazi na mayai kwenye karai, akarudisha kikapu kikiwa na kabichi ndani.

Tuliteremka kilima. Tulipofika karibu na stendi, Mama Ploti alisimama, akashika ua wa watu kwa kuhema.

"Umeona ile gesi?" akauliza.

Sikuwa nimeiona.

"Mtungi uko ndani, katikati ya kitanda na mlango. Tena kitanda cha Mwende. Nimeiona nikiingia tu. Nimekaa pale nakunywa chai, naiangalia, na sikuweza kufungua mdomo. Niseme nini mimi, kwa nyumba ile? Rudi wewe uwaambie, Mama Kioko. Wewe utasikika."

Nilimwacha amekaa juu ya jiwe, nikapanda tena. Mama Mwende alikuwa bado mlangoni, kana kwamba hakuwa ameingia ndani tangu tuondoke. Nilimweleza kuhusu mtungi. Hakushangaa.

"Nilimwona akiuangalia," alisema. "Nilijua kazi yake siku hizi, watu wamenieleza. Nilikuwa nangoja aseme. Kama angesema, ningejua anatuona sisi, si kujiona yeye tu."

Nilirudi na maneno hayo, nikamwambia yote bila kupunguza, kwa sababu nilihisi kumpunguzia kungekuwa kumdharau. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Aibu ilimpanda usoni, mwanamke wa miaka ile, kama msichana aliyeitwa mbele ya darasa. Magari ya kwenda Ngong yalipita na mengine yakapita, na nikadhani ataniambia tupande.

"Paipu yake pia imepasuka," akasema hatimaye. "Hapo inaposhikana na mtungi. Hiyo hukuwaambia."

"Sikuijua."

"Basi."

Aliniwekea kikapu mapajani, kabichi na yote, akasimama kwa kushika ua, akapandisha kilima peke yake, akipumzika, akipanda, akipumzika tena. Nilimwona akifika kwenye mlango wa mabati. Nilimwona akiinua mkono na kubisha.